Barua kutoka Mirongo: Nguo za Sanduku la Shangazi

Mirongo, Mwanza
Jumatano, baada ya alasiri

Dada yangu mpenzi,

Ninakuandikia nimekalia sanduku la bati la Shangazi, lile la kijani alilokuwa akitusimulia marehemu mama, maana viti vyote vya nyumba hii leo vimelaliwa na nguo zinazomalizia kukauka. Mimi mzima. Shangazi naye mzima, isipokuwa goti la kushoto linamkatalia akitaka kuinama. Mjukuu wake anakuamkia. Mimi ananiita Mama Mdogo kwa sauti ya kudeka, na wewe ni Mama Mkubwa wake ingawa hamjawahi kuonana. Wakwe zake wanavuka kutoka Ukerewe Jumamosi ijayo kuleta mahari, na ndiyo sababu niliitwa nije kupamba nyumba.

Pale stendi ya Tanga uliniambia nisikutumie picha, nikuandikie, kwa kuwa picha hupotea simu ikipotea. Nimetii. Ila nimechelewa siku tisa, kwa sababu mikono haikupata nafasi.

Mwanza umeisikia: mawe. Mawe makubwa kama nyumba, yamekaa juu ya mawe mengine, mengine yamesimama majini kama lile la Bismarck ambalo kila mgeni hupelekwa kulitazama. Mirongo yenyewe iko chini, katikati ya mji, jirani na soko na maduka, na Mto Mirongo unapita hapa ukielekea ziwani. Mvua ikinyesha vilimani usiku, unausikia mto ukibadilika sauti kabla tone la kwanza halijagusa bati lako. Asubuhi kuna kengele ya baiskeli ya muuza maziwa, honi za bodaboda, na upepo wa ziwa ukitokea upande wa Kirumba huja na harufu ya dagaa. Harufu hiyo, dada, inaingia kwenye nguo. Nimelijua hilo kwa kunusa pazia.

Nilipofika nilikuta nyumba ina ugomvi wa kimyakimya. Kuta zimepigwa rangi mpya, nyeupe inayoelekea maziwa. Mjukuu amekwisha kuchagua kila kitu: makochi ya kijivu, mapazia ya kung'aa yenye mikunjo mizito na kamba za dhahabu, maua ya plastiki, na ukutani picha ya mji wa ng'ambo usiku. Shangazi hakupinga hata neno moja. Alichofanya ni kuingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nilipomfuata nikamkuta amekaa kitandani, sanduku liko wazi miguuni pake, na juu ya mapaja ameshika kitambaa kidogo cha kufuma, cha duara, kilichoiva rangi ya chai.

Akaniambia, "Mwanangu, hivi vitu vyangu ni ushamba?"

Dada, ningemjibuje? Wewe na mimi tulipohamia nyumba ya Ngamiani, kule Tanga, tulifanya nini na vitambaa vya mama? Vile vya kwenye mikono ya makochi, na kile cha redio chenye tausi? Tulivifunga kwenye mfuko tukavipeleka kwa fundi baiskeli afutie mikono. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na niliona ndiyo usasa. Sikumwambia Shangazi hilo. Nilikaa sakafuni nikaanza kutoa nguo moja moja.

Nitakutajia zilizokuwemo, si zote.

Foronya mbili za merikani nyeupe, zimedariziwa njiwa wawili wanaogusana midomo na chini yao maneno "Usiku Mwema" kwa uzi mwekundu wa mshono wa mnyororo. Foronya moja imechakaa mpaka unaona vidole vyako ukiivika mkononi, na ya pili ni mpya kama ya jana. Kwa nini? "Ile moja ilikuwa ya mume wangu," alisema. "Mimi nililalia kanga, yangu nikaiweka iwe ya wageni." Amemzika mumewe miaka mingi sasa, na wageni wa kulalia foronya ile hawakuja.

Mashuka mawili ya Mwatex, kiwanda cha nguo kilichojengwa hapa Mwanza miaka ya 1960, karibu na pamba yenyewe. Mume wa Shangazi alikuwa kijana wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa Msukuma wa kujivunia pamba, mtoto wa mkulima aliyejiunga na ushirika ule wa kina Paul Bomani, ulioungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la jimbo zima na baadaye ukawa Ushirika wa Nyanza. Shangazi anasema mumewe alikuwa akipapasa shuka dukani kwa macho yaliyofumbwa, akisema hii nyuzi zake ndefu, hii fupi. Mashuka hayo ni mazito, hayana urembo, yana mstari mmoja tu wa buluu ukingoni. Mjukuu alipoyaona alisema yanafanana na ya hospitali. Kesho yake nilimtandikia moja kitandani kwake, nimelipiga pasi likiwa na unyevu kidogo, na juu yake nimeweka foronya moja ya njiwa. Hajaniambia kitu, lakini usiku ule alilala mapema na mlango wazi ili kila apitaye aone.

Kitambaa cha meza kilichofumwa na jirani yao wa zamani, mama wa Kikatoliki aliyekulia karibu na misheni ya Bukumbi, ile iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883 kwenye ufuko wa ziwa. Mama huyo alifundishwa kufuma na masista, kisha yeye akamfundisha Shangazi, mgeni kutoka pwani aliyekuwa hajui Kisukuma na akilia kila jioni. Bado yu hai, anakaa Mabatini, na utamkuta mbele katika barua hii. Shangazi anasema walikaa barazani miezi mitatu bila lugha ya kuelewana sawasawa, mmoja anafuma, mwingine anaangalia vidole. Neno la kwanza la Kisukuma alilolijua lilikuwa "mayu", mama.

Na kanga, nyingi. Unajua mwenyewe watu wa pwani tulivyo na kanga. Lakini sanduku la Shangazi ni kama limefuata habari za nchi: kanga za sherehe za chama, kanga za harusi, na kitenge chenye picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili cha Septemba 1990, alipofika Mwanza. Shangazi, Mwislamu wa Ngamiani, anacho kitenge cha Papa kwa sababu mama wa Bukumbi alinunua viwili. Vilivaliwa siku moja na wanawake wawili, mmoja akiwa uwanjani na mwingine akimwangalizia watoto nyumbani.

Nilipofika chini kabisa nilikutana na kaniki. Hapa nilikosea, na nataka nikueleze kosa langu kwa sababu wewe pia ungelifanya. Kaniki ile ilikuwa nzuri mno, dada: nyeusi inayoficha buluu ndani yake. Kwa jicho langu la ufundi niliona kuwa kwenye ukuta mweupe, nyuma ya kochi la kijivu, kitambaa cheusi kitatuliza macho na kufanya vitambaa vyeupe vyote vionekane. Nikaitundika. Jioni mwanamke wa nyumba ya pili akaja kuleta sato, akafika mlangoni, akaona, akasimama. Hakuingia. Akauliza kwa sauti ya chini, nani anaumwa.

Usukumani kaniki ni nguo ya waganga na ya wazee waliotangulia, masamva. Ikining'inia ndani watu wanaelewa kuna jambo linaloshughulikiwa. Kwetu bibi zetu waliivaa kwenda shamba, nasi tunaijua kwenye ngoma za pepo pia, ila mtu hashtuki akiiona kwenye kamba. Fikiria wakwe wa Ukerewe wameingia kuleta mahari na kitu cha kwanza wanachokiona ni kile! Niliishusha papo hapo. Shangazi alicheka mpaka akashika goti, kisha akaniambia kwa upole kwamba mumewe aliipokea kwa mama yake, na yeye hajawahi kuitandika popote. Imerudi sandukuni, chini kabisa, peke yake, imezungushiwa shuka jeupe. Hapo ndipo mahali pake, na nyumba imepambwa vile vile.

Ijumaa nilikwenda Mlango Mmoja, soko la mitumba, si mbali na hapa kwa miguu. Nilifika mapema kwa sababu niliambiwa mabelo ya mashuka na mapazia hufunguliwa asubuhi. Unasimama na wenzako kama watu wanaosubiri mashua itoe samaki. Kamba inakatwa, belo linapumua, na kile kilichobanwa miezi kadhaa kinaanza kuinuka chenyewe. Wauzaji wanajua kitu chao; wakiona mkono wako umekawia mahali, bei imepanda.

Katika rundo la mapazia mkono wangu ulikawia. Ilikuwa nguo ya meza ya kitani, nzito, nyeupe iliyopoa, imezungushiwa lesi ya kufumwa kwa mkono upana wa viganja viwili. Kwenye pembe moja, kwa mshono mdogo wa msalaba, uzi mwekundu, herufi mbili. Nimeshasoma habari zake: wasichana wa Ulaya wa zamani walishona hivyo nguo za nyumba yao ya ndoa kabla hawajaolewa, wakazitia herufi za majina yao ili zisichanganyike na za wengine kwenye kufua. Karibu na katikati palikuwa na tundu lililotililiwa kwa nyuzi nyembamba, kazi ya mtu mwenye macho mazuri na subira. Mtu alimwaga kitu, au mshumaa ulianguka, na mwingine akakaa dirishani akaliziba uzi kwa uzi. Kisha akafa, na watoto wake wakaitia kwenye mfuko. Kama sisi na fundi baiskeli.

Nililipa shilingi elfu sita. Nilimpa muuzaji alichotaka, sikubishana.

Nyumbani mjukuu aliishika, akaitazama ile lesi, akaitazama ile ya mama wa Bukumbi mezani, akasema, "Mama Mdogo, mbona ni ua lile lile?" Ni kweli, dada. Ua la majani manane, na vikuba vitatu kila ncha. Masista walitoka nalo kwao kwenye vidole vyao, wakalifundisha ufukweni mwa ziwa, na lenzake limetoka huko huko likabebwa kwenye belo kama takataka, na sasa yote mawili yako Mirongo katika chumba kimoja. Kufuma kwa sindano moja ya kulabu kulienea sana Ulaya karne ya kumi na tisa. Ireland, njaa kubwa ilipowakumba katikati ya miaka ya 1840, wanawake walifuma lesi za namna hii kuuza wapate chakula. Nilipomweleza mjukuu hayo, alinyamaza kidogo, akasema kumbe si urembo wa watu waliokuwa hawana kazi. Nikamwambia na hata hiyo merikani ya foronya za bibi yake, jina lake ni la safari: pamba ya Marekani ilifumwa viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Zanzibar na merikebu za Salem, ikabebwa vichwani mwa wapagazi mpaka huku, na ilitawala mpaka vita vyao vya ndani vya 1861 vilipokata njia. Na baadaye watu wa ziwa hili wakawa wakulima wa pamba wenyewe, sehemu kubwa ikasafirishwa nje kama ilivyo. Shangazi aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni akasema, "Baba yake mama yako alikuwa akilisema hilo kila siku, tena kwa hasira."

Sasa ufuaji. Ninajua hapa ndipo utakaposoma mara mbili.

Mji huu una vumbi la mawe na unyevu wa ziwa, na sanduku la bati hutoa kutu. Vitambaa vilikuwa na madoa ya aina tatu: manjano ya uzee, kahawia ya kutu kwenye mikunjo, na madoa ya chai. Mjukuu alitaka kuvitia dawa ya kung'arisha. Nilimkamata mkono. Dawa ile ya klorini inang'arisha pamba kuukuu kwa kuila. Leo kinameta, mwezi ujao unakivuta kinachanika kama karatasi iliyolowa. Tuliloweka usiku kucha katika maji ya uvuguvugu peke yake, asubuhi tukayamwaga yakiwa rangi ya mkojo wa punda, tukarudia mara tatu, ndipo tukatumia sabuni ya mche iliyokunwa. Hakuna kusugua wala kukamua. Unakibonyeza kitambaa kwa viganja kama unavyobonyeza nazi ya tui. Doa la kutu unalikamulia ndimu, unatia chumvi, unalianika juani, kisha unalisuuza sana, maana ndimu ikibaki nayo inaila pamba.

Kuanika tulikwenda Mabatini, kwa mama wa Bukumbi. Nyumba yake imekaa mlimani na nyuma yake kuna jiwe moja tambarare, kubwa kuliko sebule yetu, ambalo wanawake wa pale hulifagia na kulimwagia maji kabla ya kutandaza nguo. Nilimkuta anatungojea kwenye kivuli cha jiwe la pili. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, kwa Kisukuma changu cha siku sita, akaitikia na kunishika mikono yote miwili, akavigeuza viganja vyangu akavitazama. Alikuwa anatafuta alama ya sindano. Aliipata.

Kwenye kamba kitambaa cha kufuma hunyong'onyea, uzito wa maji unakivuta na ua linakuwa yai. Kwenye jiwe unakitandaza, unalinyoosha kila jani kwa ncha ya kidole, na joto la jiwe linakausha kutoka chini huku jua likikausha kutoka juu. Tulikuwa tumevitia uji mwepesi wa unga wa muhogo, mwepesi mno, uliochujwa kwa chachi. Mama wa Bukumbi haoni vizuri sasa. Alitambaa kwa magoti kwenye jiwe lile akivinyoosha kwa kupapasa, na alipofika kwenye lesi ya Mlango Mmoja alisimama. Akahesabu majani kwa kidole. Akauliza kwa Kiswahili, "Hii nilifuma lini?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Shangazi ndiye aliyesema mwishowe kwamba ni ya mwenzake, wa mbali. Akakubali, akaendelea.

Kuhusu kupamba kwenyewe, nimepambana na nafsi yangu. Kila fundi ana tamaa ya kuonyesha vyote. Siku ya kwanza nilitandika kila kitu na sebule ikawa kama duka la Makoroboi, ambako tulikuwa tumenunua nyuzi na sindano. Jicho halikuwa na pa kukaa. Nikaanza kupunguza. Makochi ya kijivu yamebaki, maana kijivu kinapokea cheupe vizuri, na kila kochi lina kitambaa kimoja tu, begani, si kwenye mikono, kwa sababu mikononi jasho linakila haraka. Mapazia ya dhahabu tuliyarudisha dukani. Mjukuu mwenyewe ndiye aliyeyakunja. Dirishani tumetundika kanga mbili kuukuu zilizopauka, zisizo na sherehe, ambazo zimekwisha kumaliza rangi yake na jua haliwezi kuzipunguzia tena. Mwanga wa asubuhi ukipita humo, sakafu nzima inapata rangi ya embe. Kitenge cha Papa hakigusi jua. Kimewekwa ukutani kwenye korido, nimekishonea mfereji wa kitambaa kwa nyuma nikapitisha mwanzi, maana msumari hutoboa na kutia kutu. Nguo ya kitani ya Mlango Mmoja imetandikwa kwenye meza ya chakula, na pembe yenye herufi nyekundu iko upande wa mlango. Nilitaka kuificha. Shangazi alikataa: "Mwenyewe asomeke."

Lakini jambo nililojifunza kwa mwanamke huyu, na ambalo sikuwa nalijua pamoja na miaka yote ya cherehani, ni zamu. Mimi niliingia na fikra mbili tu: nguo ya kutunza na nguo ya kutumia. Ukitunza, unaifungia sandukuni mpaka mikunjo inaikata yenyewe, kama foronya ile mpya ambayo tumekuta imepasuka kwenye mkunjo bila kuwahi kulaliwa na mtu. Ukitumia, unaimaliza. Shangazi ameweka kalenda ya ukutani na kila mwezi mwandamo kitu kimoja kinatoka kazini na kimoja kinaingia. Kitambaa cha meza kikitoka kinafuliwa, kinazungushwa kwenye mwanzi, kinapumzika na karafuu chache zilizofungwa kwenye kitambaa kuwazuia mende. Kilichopumzika kinaingia. Kwa hiyo kupamba nyumba kwa nguo za kale ni kuamua ipi iendelee kuchakaa na ipi ipumzike, na kuamua tena mwezi ujao. Hakuna pambo linalokaa mahali pamoja milele katika nyumba hii. Na foronya ya mumewe, ile iliyochakaa mpaka inaonyesha vidole, imo kwenye zamu kama nyingine. Nilimsihi aiweke. Akaniuliza aiwekee nani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja.

Jana usiku Shangazi alinionyesha kilichokuwa ndani ya mfuko wa pembeni wa sanduku, pale kwenye kitambaa cha kifuniko. Kisutu. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, yenye vile viraka vya maua vilivyojipanga kama sakafu ya msikiti, haina maneno, kama visutu vya zamani vilivyokuwa. Kimoja tu. Nikamwuliza doti yake iko wapi. Akasema alipoolewa mwaka 1972, Bibi yetu alinunua doti moja ya kisutu kwenye duka la Barabara ya Kumi na Mbili, na asubuhi ya safari aliikata mbele yake. Kipande kimoja akampa apande nacho treni ya Mwanza. Cha pili akakiweka kashani, akasema vitakutana siku ya harusi ya binti yake. Binti hakupata harusi, unajua alivyotuacha kabla ya ndoa akiwa amemzaa huyu mjukuu. Na Bibi alipofariki, Shangazi alipanda treni siku hiyo hiyo, lakini alifika Tanga akakuta matanga yameshaanuliwa. Hakuuliza habari za kisutu. Aliona haya kuuliza kitambaa katika msiba.

Dada, kile kipande ninakijua kiliko. Kiko kwenye kasha la mama, chini ya ule mkeka wa miyaa, kimezungushiwa taulo la bluu. Sisi tulidhani ni kanga iliyochanika tu, na namshukuru Mungu hatukumpelekea fundi baiskeli.

Siku ya singo ya mjukuu, ya kumsinga kabla ya harusi, ni wiki mbili baada ya mahari. Naomba ukitoe. Usikifue, nitakifua hapa kwenye jiwe. Usikikunje hata mara moja. Kizungushe kwenye fimbo ya pazia, kifunge ndani ya shuka jeupe kuukuu, si gazeti, wino utaingia. Mpe kondakta wa basi la alfajiri umwambie kitapokelewa stendi ya Nyegezi, nami nitakuwepo tangu alasiri. Shangazi hajui kama nimekuandikia.

Na kabla hujakifunga, fanya kitu kimoja. Chake nimekipima leo akiwa amelala. Ukingo wa upande mfupi haukukatwa sawa. Mkasi wa Bibi uliingia ndani kiasi cha upana wa kidole, karibu na pembe, kisha ukarudi kwenye mstari. Tazama chako kama kimetokeza nje mahali hapo hapo.

Mdogo wako